Berlin, Minnesota, Chicago au New York: uombe maratoni ipi kama joto la mwezi wa tisa na wa kumi linakutisha

Ikifika mwisho wa mwezi wa nane magrupu ya wakimbiaji yanaanza kuchemka, mtu anatuma ramani ya utabiri wa msimu imepakwa nyekundu nusu ya Marekani au Ulaya nzima, anaandika chini yake "jamani mnaonaje, niende au niahirishe", afu majibu yanamwagika na hakuna hata moja linalomsaidia. Mi hapa naongelea wakimbiaji wa kawaida, wa masaa manne au matano, wale ambao maratoni moja ya nje ni akiba ya mwaka mzima ukijumlisha tiketi, viza na hoteli. Kwa mtu kama huyo joto la ghafla kwenye msimu wa majani kupukutika linaweza kula mazoezi ya miezi minne kwa asubuhi moja tu.

Kwahiyo nalinganisha nne ambazo watu wetu wengi wanaziomba: Berlin mwisho wa mwezi wa tisa, Twin Cities ya Minnesota Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, Chicago Jumapili ya pili ya mwezi huo huo, na New York Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Ni wiki tano sita tu kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, lakini ndani ya hizo wiki hali ya hewa inabadilika kuliko watu wanavyodhani. Msimamo wangu nausema mapema: ramani ya msimu haikuchagulii mbio. Kinachokuchagulia ni tarehe kwenye kalenda, saa unayoanza wewe (sio saa wanayoanza wa mbele kina Sabastian Sawe wa Kenya), na aina ya joto, yani kavu au la unyevu.

Hiyo ramani nyekundu inasema nini hasa

Nyumbani tushazoea hii lugha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa mwelekeo wa mvua za vuli inakwambia "wastani hadi juu ya wastani" au "chini ya wastani", na ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa tabianchi, wanafanya hivo hivo kwa pembe yote ya Afrika. Kituo cha Marekani cha utabiri wa muda mrefu, Climate Prediction Center, mantiki yao ni hiyo hiyo kwa joto. Wanagawa miaka iliyopita mafungu matatu sawa, baridi kuliko kawaida, kawaida, joto kuliko kawaida, kila fungu asilimia 33 na kitu. Ramani ikiwa nyekundu imeandikwa 50 maana yake uwezekano wa kipindi kizima kuwa kwenye fungu la joto umepanda mpaka asilimia 50. Haijasema nyuzi ngapi na haijataja Jumapili yoyote. Kipindi kinaweza kuwa cha joto kwa kuzidi kawaida nyuzi moja na nusu tu na ramani ikawa imepata kabisa.

Mfano mzuri ni 2023. Mwezi wa tisa mwaka ule ulikuwa wa joto kuliko mwezi wa tisa mwingine wowote duniani tangu vipimo vianze, Copernicus, huduma ya tabianchi ya Umoja wa Ulaya, walihesabu nyuzi 0.93 juu ya wastani wa 1991 mpaka 2020, Uingereza walipiga siku saba mfululizo za nyuzi 30 na zaidi mwanzoni mwa mwezi, na Ujerumani nao wakavunja rekodi yao ya mwezi. Mtu aliyekuwa anaangalia zile ramani angeikimbia Berlin. Lakini tarehe 24 mwezi huo huo asubuhi ya Berlin ilikuwa tulivu na ya ubaridi mzuri tu, Tigst Assefa wa Ethiopia akakimbia 2:11:53 na kuvunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa zaidi ya dakika mbili, Kipchoge nae akashinda kwa 2:02:42. Mwezi wa rekodi ya joto, siku ya rekodi ya mbio.

Wiki moja baadae, tarehe 1 mwezi wa kumi, Minnesota wakafuta mbio zao alfajiri kwa sababu ya joto. Wiki nyingine mbele, tarehe 8, Chicago palikuwa baridi na Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, akakimbia 2:00:35. Jumapili tatu zinazofuatana kwenye msimu ule ule. Ndo maana nasema ukichagua mbio kwa ramani ya msimu umechagua kwa bahati nasibu, na bahati nasibu moja ya kupata nafasi inatosha.

Afu kuna jambo la kawaida kabisa ambalo watu wanalisahau: maombi ya hizi mbio yanafanyika miezi mingi kabla, mengine karibu mwaka. Wakati unajaza fomu hakuna mtu duniani anayejua Jumapili yako itakuwaje.

Wastani unadanganya, angalia siku mbaya

Ukichukua wastani tu, hizi mbio zinakaribiana sana. Berlin mwisho wa mwezi wa tisa mchana ni nyuzi 18 au 19 hivi, Minneapolis mwanzo wa mwezi wa kumi ni kama 19, Chicago wiki inayofuata 18, New York mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 14 au 15. Alfajiri zote zinacheza kwenye 8 mpaka 10. Kwa namba hizo mtu anasema aa, zote fresh tu.

Tofauti iko kwenye siku mbaya. Mwezi wa tisa na mwanzo wa mwezi wa kumi kiangazi bado hakijaondoka vizuri, kinahitaji kusukumwa kidogo tu kirudi. Kinachosukuma ni mgandamizo mkubwa wa hewa ukikaa mahali siku kadhaa bila kuhama, ule mkondo wa upepo mkali wa huko juu unapinda kuelekea kaskazini, hewa ya baridi inabaki imefungiwa Canada au Scandinavia, na upepo wa chini unavuta joto kutoka kusini. Marekani ya kati joto hilo linakuja na unyevu wa Ghuba ya Mexico. Ukifika mwezi wa kumi na moja jua liko chini, usiku mrefu, ardhi ishapoa, kwahiyo hata msukumo ule ule unaleta nyuzi 24 badala ya 32.

Twin Cities: naipenda kuliko zote, ila ndo ya kuogopwa zaidi

Mi nakaa huku Minnesota kwahiyo nitaiongelea kwa urefu na mtanivumilia. Njia ni nzuri ajabu, unaanza Minneapolis, unazunguka maziwa, unafuata mto Mississippi, unamalizia St. Paul mbele ya jengo la serikali ya jimbo, miti pembeni inaanza kugeuka rangi, watu wametoka na vikombe vya kahawa wanakupigia makofi. Hakuna bahati nasibu, unajiandikisha unalipa umeingia, na Wakenya wa Minnesota ni wengi kwahiyo utasikia "twende twende" na "kaza mwendo" njia nzima.

Lakini tarehe yake ni mtego. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi inaweza kuangukia tarehe 1, na tarehe 1 mwezi wa kumi 2023 uwanja wa ndege wa Minneapolis ulipima nyuzi 33 hivi, wakati kawaida ya siku ile ni 19. Waandaaji wakatangaza alfajiri kwamba mbio zimefutwa, zote, maratoni na ile ya maili kumi, watu wengine wako njiani wanaelekea kuanzia. Kuna walioikimbia njia wenyewe kwa hiari wakibeba maji yao, na wenyeji wakawatolea mipira ya bustani kuwarushia maji. Watu walikasirika sana siku ile, na naelewa, mtu ametoka mbali. Lakini mi nilikuwa nje asubuhi ile, saa moja tu hewa ilikuwa nzito, na kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi. Madaktari na ambulensi haziongezeki kwa sababu wakimbiaji wamesikitika.

Kuna kitu cha kujifunza pale kuhusu bendera. Mbio nyingi za Marekani zinatumia bendera nne, kijani, njano, nyekundu na nyeusi, na hazipandishwi kwa joto la kwenye simu yako tu, kuna kipimo kinachounganisha joto, unyevu, jua na upepo. Nyeusi maana yake mbio zinasimamishwa au zinafutwa. Kwahiyo siku ya nyuzi 24 yenye mawingu na hewa kavu inaweza kuwa njano, na siku ya nyuzi 24 yenye unyevu na jua kali ikawa nyekundu.

Kilima cha Twin Cities nacho kipo pabaya, kuanzia kama kilomita ya 33 unapanda kutoka mtoni kuelekea Summit Avenue. Siku ya ubaridi ni ugumu wa kawaida wa maratoni. Siku ya joto pale ndo watu wanaanza kutembea. Faida ni kwamba kivuli kipo, miti ya barabara ile ni mikubwa.

Chicago: wiki moja tu mbele, lakini wiki hiyo ina thamani

Chicago ni tambarare, inaanza saa moja na nusu asubuhi, na wimbi la mwisho, yani kundi la mwisho kuachiwa, linatoka kama saa moja tu baada ya la kwanza. Hii saa ya kuanza ndo silaha kubwa ya Chicago kwenye huu ulinganisho wote. Mtu wa masaa manne na nusu akianza na wimbi la kati anamaliza kabla au karibu na saa saba mchana, joto la siku bado halijafika kileleni.

Haina maana imekingwa. Tarehe 7 mwezi wa kumi 2007 joto lilifika nyuzi 31, watu wengi wakalalamika kwamba maji yaliisha kwenye vituo vya mwanzo, mamia wakahitaji huduma, na masaa matatu na nusu hivi baada ya kuanza waandaaji wakasimamisha mbio, waliobaki wakaambiwa watembee. Mkimbiaji mmoja alifariki, uchunguzi baadae ukasema ni tatizo la moyo na sio joto. Mbele kule Patrick Ivuti wa Kenya alikuwa anamshinda Jaouad Gharib wa Morocco kwa sekunde 0.05, kwa muda wa 2:11:11, taratibu mno kwa njia kama ile, na hao ni wanaume ambao kazi yao ni kukimbia. Joto halimwachi mtu. Mwaka 2021 nao ulikuwa wa joto na unyevu tangu alfajiri, japo mbio ziliisha salama.

Lakini hesabu upande wa pili: 2023 Kiptum, 2024 John Korir 2:02:44, 2025 Jacob Kiplimo wa Uganda 2:02:23. Chicago inapotulia inatoa muda kweli kweli. Na Ziwa Michigan liko pale pembeni, upepo ukitoka ziwani unapoza mji, ukitoka kusini magharibi ziwa halikusaidii kitu, kwahiyo ukiwa Chicago wiki ya mbio uliza upepo unatoka wapi kabla hujauliza nyuzi ngapi. Nusu ya pili ya njia, huko upande wa magharibi na kusini mwa mji, iko wazi zaidi na jua linakupata vizuri.

Ukiweka Twin Cities na Chicago pamoja: Minnesota unapata njia nzuri na kujiandikisha bila bahati nasibu, Chicago unapata wiki moja ya ziada ya kupoa, njia bila vilima, na kuanza mapema. Kama lengo lako ni muda mi nakwambia Chicago bila kusita. Kama unataka maratoni ya kwanza ya Marekani, una ndugu huku wa kukulaza na kukupikia ugali, na hutalia sana ikifutwa, njoo Minnesota.

Berlin: jina kubwa, saa mbaya kwa mtu wa nyuma

Berlin ndo kiwanda cha rekodi za dunia, Tergat 2003, Makau 2011, Kipsang 2013, Kimetto 2014, Kipchoge mara mbili, 2018 na 2022. Watu wanaona hiyo orodha wanadhani hali ya hewa ya Berlin ni uhakika. Sio uhakika. Ni mbio ya mapema kuliko zote nne, na 2025 iliwekwa mapema zaidi, tarehe 21 mwezi wa tisa, joto lisilo la msimu likaikuta. Sabastian Sawe kabla ya siku watu walishaanza kuongelea rekodi ya dunia, joto likapita nyuzi 20 kabla hajamaliza, akashinda kwa 2:02:16 akiwa peke yake, wa pili akaja karibu dakika nne nyuma. Kwangu mimi ile ni moja ya mbio bora kabisa za Sawe, lakini fikiria mtu wa masaa matano siku ile.

Na hapo ndo kwenye tatizo. Berlin wa mbele wanaanza saa tatu na robo asubuhi, mawimbi ya nyuma zaidi ya saa moja baadae. Sawe anamaliza saa tano na dakika kadhaa. Wewe ukiingia wimbi la mwisho ukakimbia masaa matano unamaliza kwenye saa tisa na nusu au kumi alasiri, pale pale joto la siku lilipo juu kabisa. Kwahiyo ukisoma mahali kwamba Berlin ilikuwa nyuzi 17, jiulize ni 17 ya nani.

Faida ya joto la Berlin ni kwamba mara nyingi sio la unyevu kama la Marekani ya kati. Hili nalirudia kwa sababu ndo kitu kikubwa kwenye hii mada nzima: hewa kavu ikiwa na anga safi, usiku unapoa sana, asubuhi nyuzi 9 mchana 26, na aliyeanza mapema anapona. Hewa ikiwa na unyevu usiku haupoi, kwa sababu joto la usiku haliwezi kushuka sana chini ya kile kiwango ambacho hewa inaanza kutoa umande. Umande ukiwa nyuzi 19 basi alfajiri yako nayo ni 19 au 20, hata kama ni saa kumi na moja na giza totoro. Ndo kilichotokea Minnesota 2023 na Chicago 2021.

New York: mwezi wa kumi na moja unakulinda, ila sio sana unavyodhani

Kama joto ndo adui yako namba moja, New York inashinda kwa tarehe. Wastani wa nyuzi 14 au 15 mchana, unyevu wa kiangazi umeisha, na kuna zawadi ndogo: saa zinarudishwa nyuma usiku ule ule wa kuamkia mbio, kwahiyo unapata saa moja zaidi ya kulala.

Ila 2022 tarehe 6 mwezi wa kumi na moja mji ulifika nyuzi 24. Daniel do Nascimento wa Brazil alikuwa anaongoza kwa mbali, baada ya kilomita 30 na kitu akaanguka barabarani, Evans Chebet akampita na kushinda kwa 2:08:41. Sharon Lokedi siku ile ile akashinda kwenye maratoni yake ya kwanza kabisa, 2:23:23, kwa kusubiri kundi mpaka mwisho. Angalia tofauti ya hao wawili, mmoja alikimbia kama hakuna joto, mwingine alikimbia joto lililokuwepo.

Mawimbi ya nyuma ya New York nayo ndo ya kuchelewa kuliko zote, wimbi la kwanza la watu kwenye saa tatu na dakika kumi na la mwisho saa tano na nusu asubuhi. Na kabla ya hapo unakaa Staten Island masaa nje unasubiri. Kawaida shida ni baridi, watu wanavaa majaketi ya kutupa, lakini ikiwa ni siku ya joto unakaa juani bila kivuli na unakunywa maji yako yote kabla hujapanda daraja la Verrazzano. Madaraja matano, mwinuko wa Fifth Avenue, vilima vya Central Park. Hii sio njia ya muda mzuri hata kwenye ubaridi. Ni njia ya kwenda kuona.

Berlin na New York kwa mtu wa nyuma zinafanana kwa saa, zinatofautiana kwa mwezi, na mwezi unashinda. Nyuzi 24 ya mwezi wa kumi na moja New York ni siku ya ajabu, inaandikwa magazetini. Nyuzi 24 Berlin mwezi wa tisa ni Jumapili tu.

Unatoka wapi wewe

Hili watu hawaliweki kwenye ulinganisho na mi naona lina uzito kuliko nyuzi mbili tatu za wastani. Mwili unajifunza joto kwa wiki mbili hivi za mazoezi ya joto, jasho linaanza mapema, damu inaongezeka maji, moyo hauhangaiki. Ukiacha, ndani ya wiki chache unasahau.

Kwahiyo mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar anayefanya mazoezi mwezi wa saba na wa nane kwenye nyuzi 28 na unyevu wa bahari, huyo Berlin ya joto ataiona kama Jumapili ya Coco Beach. Mtu wa Nairobi, Arusha, Mbeya au Iten ametoka kwenye baridi ya mwezi wa saba, ana mapafu mazuri lakini mwili wake haujui joto, akikutana na nyuzi 25 Berlin atateseka kuliko yule wa pwani mwenye pumzi ndogo. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai nao wanaingia kwenye fungu la pwani ikiwa wamekimbia nje kweli na sio kwenye mashine ndani ya kiyoyozi. Na sisi wa Minnesota, Ohio au Maine tunafika mwanzo wa mwezi wa kumi bado tuna joto la kiangazi mwilini, lakini kwa New York mwezi wa kumi na moja tushasahau kabisa, ndo maana ile siku ya 2022 iliwaumiza wenyeji wengi.

Alphonce Simbu alivyoshinda dunia Tokyo tarehe 15 mwezi wa tisa 2025, kwa muda ule ule wa 2:09:48 na Amanal Petros wa Ujerumani wakitenganishwa na picha ya sekunde 0.03, ilikuwa asubuhi ya joto na unyevu, mpaka waandaaji walisogeza muda wa kuanza nusu saa mapema. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, na alilipata kwenye hali ambayo wengi wenye muda mzuri kuliko wake walishindwa kuimudu. Mi nililia, sijali.

Kwahiyo wa pwani, Berlin na Chicago ziko wazi kwako, usiogope ramani. Wa nyanda za juu, omba New York, au ukitaka muda basi Chicago, na mwezi wa mwisho teremka wiki mbili ukakimbie pwani, Tanga au Mombasa, kabla ya kupanda ndege. Wa masaa matano na zaidi bila kujali unatoka wapi, Berlin iweke mwisho.

Kama zile za bahati nasibu zote zimekukataa, Amsterdam katikati ya mwezi wa kumi na Frankfurt mwishoni mwake ni tambarare, zinakuja baada ya Berlin msimu ukiwa umepoa zaidi, na viza ni ile ile ya Schengen. Sijui kwanini watu wetu hawaziombi zaidi.

Ukishachagua, angalia nini na lini

Siku 14 kabla fungua ule utabiri wa siku 8 mpaka 14 wa Climate Prediction Center kwa Marekani, unasasishwa kila siku, uone tu rangi inaelekea wapi. Usibadilishe kitu. Rangi ikiwa nyekundu siku tatu nne mfululizo ndo uanze kuongeza nguo kwenye mazoezi mepesi ili mwili ukumbuke joto.

Ikibaki wiki moja achana na ramani, nenda kwenye utabiri wa saa kwa saa, National Weather Service kwa Marekani au Deutscher Wetterdienst kwa Ujerumani, na usiangalie namba kubwa iliyoandikwa juu. Tafuta mstari wa umande (dew point). Chini ya nyuzi 10 kimbia mpango wako. Kati ya 10 na 15 punguza matumaini kidogo. Ikipita 18 sahau muda, kimbia kwa pumzi na weka saa mfukoni. Afu angalia joto kwenye saa utakayomaliza wewe, kama ni saa tisa mchana soma saa tisa mchana.

Kuhusu kuahirisha, soma masharti siku unayolipa, sio siku joto limetangazwa. Kila mbio ina tarehe yake ya mwisho ya kuahirisha, na zikifutwa kwa hali ya hewa usitegemee hela kurudi. Ukiona bendera nyekundu kwenye mstari wa kuanzia, kilomita ishirini za kwanza ziwe taratibu kiasi kwamba unaona aibu, maji changanya na chumvi usinywe matupu lita kwa lita, maana maji mengi bila chumvi nayo yanaangusha watu. Na ukianza kusikia baridi, vinyweleo vimesimama, na jua linawaka, usisubiri kituo kijacho, kaa kivulini na uite mtu wa huduma ya kwanza.